KAHAWA MBICHI HAIVALIKI

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Maguu, wilayani Mbinga, kuhusu maduka ya nguo za gharama na homa ya kupendeza. Tunayachapisha kama alivyoyatoa.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya vijana na mavazi. Aliyeniomba nadhani alitaka niwaseme. Sitawasema. Mimi nimeishia kidato cha nne, jembe langu ni kalamu, na nina umri kama wenu. Tena suti hii niliyoivaa ina kisa chake, na leo nitakitoa hadharani ingawa kinanitia aibu.

SUTI ILIYOLIPWA MARA MBILI

Mwaka niliomaliza shule kulikuwa na harusi katika ukoo wetu, mwezi Desemba. Nikachaguliwa kuwa mmoja wa wapambe. Kamati ikakaa, ikaamua: wapambe wote suti rangi moja, kutoka duka moja la Dar es Salaam. Si za fundi, maana za fundi, walisema, zitatushusha hadhi.

Baba hakuwa na fedha. Wote hapa mnajua Desemba mkahawa wa Umatengo una nini: punje za kijani, ngumu. Lakini baba hakutaka mwanawe achekwe. Akaenda kwa mwenye fedha, akapewa taslimu, akaahidi kilo za kahawa kavu msimu ukifika. Sina haja ya kuwaeleza jina la biashara hiyo. Ni magoma. Kule Kagera wanaiita butura. Majina mawili, kitanzi kimoja.

Harusi ikapita, tukapigwa picha, tukashangiliwa. Agosti mwenye fedha akaja na mzani wake. Kilo alizobeba, kwa bei ya msimu ule, zingenunua suti mbili kama hii. Yaani suti moja tuliilipa mara mbili, na mwili ni mmoja. Mdogo wangu alichelewa kurudi bweni wiki sita kwa kukosa mahitaji. Hakunisema. Lakini kila nikiivaa, naona sanduku lake la bati limekaa mlangoni, halina mtu wa kulibeba.

DUKA LENYE KIYOYOZI

Baadaye nilifika Dar es Salaam, nikataka kuliona duka lililotupiga hivyo. Nililikuta. Kioo mbele, kiyoyozi ndani, nguo chache zimetundikwa mbali mbali kama zimegombana. Muuzaji hakunitazama usoni, alianzia kwenye viatu. Viatu vikamjibu, akarudi kwenye simu yake.

Nikaenda Kariakoo na koti langu mkononi, nikamwonyesha fundi mmoja mzee. Akaligeuza ndani nje, akapapasa bitana, akavuta uzi. Akasema: "Kijana, hiki kitambaa kinauzwa kwa mita mtaa wa pili. Ulichonunua wewe ni hii." Akaninyooshea kipande cha kitambaa chenye jina, kilichoshonwa kwa nyuzi nne tu.

Wafanyabiashara wetu wanasafiri Guangzhou, Dubai na Istanbul kuleta mzigo. Si dhambi, ni kazi ya jasho. Lakini shati likitoka kwenye marobota ya Kariakoo likahamia kwenye duka la vioo kule Sinza au Mikocheni, bei inapanda, na uzi ni uleule. Kilichoongezeka ni kioo, kiyoyozi na yule wa kututazama viatu.

JINA LINA BEI YAKE

Ujanja huu una historia. Mwaka 1858 Mwingereza mmoja, Charles Frederick Worth, alifungua nyumba ya mavazi jijini Paris. Kabla yake fundi alikuwa fundi tu, tajiri anamwelekeza naye anashona. Worth akageuza kibao: yeye ndiye aliyeamua vazi litakavyokuwa, tena akashona jina lake ndani ya gauni. Mjini humohumo, mwaka 1854, fundi masanduku Louis Vuitton alikuwa amekwisha kufungua duka lake. Walipozidi kuigwa, mwanawe Georges akabuni mwaka 1896 zile herufi L na V zilizopandana, ili mnunuzi atambue mali halisi. Leo herufi hizo mnaziona kwenye mikoba ya magulio yetu, zimebandikwa na watu ambao Paris hawaijui hata kwa ramani.

Jina likishakuwa mali, linalindwa kuliko nguo yenyewe. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kampuni ya Burberry ya Uingereza ilikuwa imeteketeza, katika mwaka mmoja wa hesabu zake, bidhaa za zaidi ya pauni milioni 28. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa hazijauzwa, na kuziuza kwa bei ya chini kungelishusha jina. Kelele zilipozidi, mwaka huohuo ikatangaza kuacha.

Mwaka 2024 mahakama ya Milan, Italia, iliiweka kampuni tanzu ya Dior chini ya msimamizi, kwa sababu ya hali za wafanyakazi katika karakana zilizopewa kazi. Katika nyaraka za kesi ilionekana kuwa karakana moja ililipwa yuro 53 kuunganisha mkoba, bila kuhesabu ngozi, na mkoba huo dukani ukauzwa yuro 2,600 hivi. Usimamizi huo uliondolewa mwaka 2025, baada ya kampuni kurekebisha utaratibu wake.

Ndugu zangu, hesabu hiyo haiwakumbushi kitu? Yuro 53 kwa mwenye sindano, maelfu kwa mwenye jina. Mama zetu wanachimba ngoro kwenye miteremko hii, wanachuma, wanakoboa, wanaosha, wanaanika, wanafukuza kuku. Kahawa ikishuka kutoka Maguu inaacha jina lake hapahapa kilimani. Huko iendako inavalishwa jina la mwingine, na bei ni ya jina. Sisi ni wale wa sindano.

TANGU ENZI ZA MERIKANI

Msidhani homa hii imeletwa na simu. Babu zetu wa kusini walivaa ngozi na nguo za magome ya miti. Karne ya 19 misafara ya Kilwa ilifika hadi kandokando ya Ziwa Nyasa ikiwa na vitambaa, na kilichong'ara kuliko vyote ni merikani, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana kikapewa jina hilo. Kililipwa kwa pembe za ndovu. Kililipwa pia kwa binadamu. Machifu walivaa, na watu wakashuka pwani shingo zikiwa kwenye kongwa.

Sisemi suti ni utumwa. Nasema ukiona nguo imetoka mbali, uliza upande huu inalipwa kwa nini.

SISEMI MVAE MAGUNIA

Wapo watakaoruka na kusema: basi wapigwe marufuku! Hapana. Hilo tulishaliona. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari mosi 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Mabinti walisumbuliwa mitaani Dar es Salaam na vijana wenzao, eti wanalinda utamaduni. Umaskini haukupungua hata inchi moja kwa kurefusha sketi.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, mitumba ikamiminika. Mlalahoi aliyekuwa akivaa viraka akapata suruali nzima, na mimi siwezi kumcheka. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima soko, wengine wakarudi nyuma. Rwanda iliyokaza ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko mwaka 2018. Mnaona? Hata shati la mtumba lina siasa ndani ya mfuko wake.

Na vigogo wetu nao tumewaona. Enzi za Azimio walivaa Chou En-lai na kaunda suti, tukaambiwa ndiyo sare ya mtumishi wa umma. Leo wanakuja kutuhimiza kubana matumizi, na saa ya mkononi inameta hadi wale wa nyuma kabisa wanajua ni saa ngapi.

Kupendeza ni haki ya mkulima pia. Anayeshinda kwenye udongo wiki nzima ana haki ya kung'ara Jumapili. Tunao wabunifu wetu. Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, na jukwaani hapo nguo za Watanzania zinasimama bila kuomba radhi. Na hapa Maguu kuna cherehani barazani. Mpe fundi wako kitambaa kizuri, mpe muda, mlipe yote, usimkope. Akuandikie jina lake ndani ya koti. Kwa nini jina lake lisiwe na bei?

MASWALI MAWILI

Namalizia kwa maswali mawili. La kwanza ni letu vijana. Kamati za harusi tunakaa sisi. Sare tunachagua sisi. Je, tunaweza kukubaliana hapa kwamba harusi yoyote ya Maguu haitamlazimisha mzazi kuuza kahawa iliyo kijani? Atakayekuja na suti ya zamani iliyopigwa pasi, apigiwe vigelegele kama wengine.

La pili ni la wakubwa. Magoma wameyapiga marufuku kwenye mikutano mara nyingi. Vema. Lakini Januari mtoto anadaiwa sare na mahitaji ya shule, mama ni mgonjwa, na kahawa bado ngumu mtini. Huyo mzazi aende wapi? Ushirika unaomlipa kwa kuchelewa si kimbilio. Mkopo wenye makaratasi kumi na dhamana ya nyumba ya bati si kimbilio. Mkizuia mlango mmoja bila kufungua mwingine, mwenye fedha atapita dirishani usiku na mzani wake.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii yangu sikuiazima, ilinunuliwa. Lakini mdogo wangu ndiye aliyeilipia, naye hajawahi kuivaa. Leo nikitoka hapa napita kwa fundi, namwachia aipunguze mabega imtoshe yeye.