Makumbusho Madogo ya Jiji Kubwa la Tokyo



Mgeni anayefika Tokyo kwa mara ya kwanza, akiuliza habari za makumbusho, aghalabu huelekezwa kwenye bustani ya Ueno. Huko lipo Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1872, lenye panga za masamurai, sanamu za Buddha na vyombo vya udongo vya maelfu ya miaka. Ni jumba linalostahili heshima yake. Lakini jiji hilo lenye wakazi wapatao milioni 14 lina pia majumba mengine ya makumbusho, madogo madogo, ambayo kila moja limeshika jambo moja tu na kulishughulikia kwa ukamilifu. Lipo la chumvi na tumbaku, lipo la karatasi, lipo la mieleka ya sumo.

Mazungumzo ya leo yatazuru manne kati ya hayo: jumba la tiara, jumba la minyoo, jumba la meli moja ya uvuvi, na jumba la usiku mmoja wa moto. Kwa sura hayafanani hata kidogo. Hata hivyo, yote yalizaliwa kwa namna moja. Palikuwa na kitu kilichokuwa mbioni kupotea, akatokea mtu, au wakatokea watu wachache, wakakataa kisipotee.

Na tuanze na lile jepesi. Mnamo mwaka 1977, katika mtaa wa Nihonbashi, mwenye mkahawa mmoja mashuhuri, Shingo Modegi, alifungua jumba la makumbusho la tiara, ambazo wengine huziita vishada. Jumba lenyewe lilikuwa katika jengo lile lile la mkahawa wake, uitwao Taimeiken: chini watu wakila wali na mayai, juu tiara zimejaa kutani hadi darini. Tiara za Tokyo ya kale, wakati jiji lilipokuwa likiitwa Edo, hutengenezwa kwa vijiti vya mwanzi na karatasi ya Kijapani, kisha huchorwa nyuso za mashujaa wenye macho makali, ili mtu aliye chini aweze kuzitambua zikiwa mbali angani. Kwa Kijapani tiara huitwa "tako", na neno hilo hutamkwa sawa na jina la pweza.

Watoto wa Japani walizoea kurusha tiara wakati wa mwaka mpya. Lakini jiji lilipopanuka, viwanja vikajengwa nyumba, na juu ya barabara zikatandazwa nyaya za umeme. Tiara ikakosa pa kurukia. Mzee Modegi hakuwa mtaalamu wa chuo chochote. Alikuwa mpishi aliyependa tiara. Alizikusanya kutoka mikoa yote ya nchi yake na kutoka nchi za nje, na alipofariki dunia aliacha hazina ambayo hakuna idara ya serikali iliyokuwa imefikiria kuikusanya.

Kutoka hapo, safari yaelekea upande wa kusini-magharibi wa jiji, katika wilaya ya Meguro. Huko kuna jengo la kawaida, ambalo mpita njia anaweza kulipita bila kuligeukia, na ndani yake mna jumba la makumbusho la vimelea, yaani minyoo na wadudu wote waishio ndani ya miili ya viumbe wengine. Kuingia ni bure; mgeni akipenda huacha mchango. Kati ya vielelezo wapatao 60,000 waliohifadhiwa, 300 hivi huoneshwa kwa umma, wakiwa ndani ya chupa za dawa, weupe na watulivu. Kinachovuta watu zaidi ni tegu mwenye urefu wa mita 8.8, aliyetolewa katika tumbo la mtu aliyekula samaki asiyepikwa. Kando yake umetundikwa utepe wa kitambaa wenye urefu ule ule, ili mgeni aushike, aukunjue na kupima mwenyewe. Vijana wachumba huenda huko kutembea, wakicheka na kuziba midomo.

Lakini mwanzilishi wa jumba hilo hakulianzisha ili watu wacheke. Dakta Satoru Kamegai alikuwa tabibu aliyewatibu wakazi wa Tokyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huo mboga zilikuzwa kwa mbolea ya kinyesi cha binadamu, na minyoo ilikuwa imeenea mno miongoni mwa watu, wakubwa kwa watoto. Mwaka 1953, kwa fedha zake mwenyewe, daktari huyo alianzisha jumba hilo ili watu wamwone adui wanayemlisha bila kujua. Katika miaka iliyofuata, wanafunzi wa shule walipimwa choo na kupewa dawa, vyoo na mbolea vikabadilishwa, na minyoo ikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2016 uchunguzi wa minyoo mashuleni uliondolewa katika orodha ya vipimo vya lazima.

Kwa msikilizaji aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria, au karibu na vijito na mabonde ya Unguja na Pemba, jumba hilo lina jambo la kumsimamisha kwa muda mrefu zaidi. Jambo hilo ni kichocho. Wengi hawajui kwamba Japani nayo iliteswa na kichocho. Katika bonde la Kofu, mkoani Yamanashi, magharibi ya Tokyo, wakulima wa mpunga walivimba matumbo na kufa kwa vizazi vingi bila kujua sababu. Mwaka 1904 mtaalamu Fujiro Katsurada alimtambua mdudu mwenyewe. Mwaka 1913 Keinosuke Miyairi na mwenzake Minoru Suzuki waligundua kwamba mdudu huyo hawezi kumfikia binadamu bila kwanza kukua ndani ya konokono mdogo wa mashambani.

Ugunduzi huo ulionesha pa kupigia. Wanavijiji waliokota konokono kwa vijiti vya kulia chakula, wakawaunguza, wakamwaga chokaa na dawa, na mwishowe mifereji ikajengwa kwa saruji ili konokono akose matope ya kuishi. Mwaka 1996 mkoa wa Yamanashi ulitangaza kwamba kichocho kimekwisha. Kutoka kumjua konokono hadi kutangaza ushindi ilipita miaka 83. Mdudu wa kichocho wa Afrika Mashariki si yule yule wa Japani, na konokono wake ni wa jamii nyingine, lakini mzunguko wake haukutofautiana: mgonjwa, maji, konokono, kisha ngozi ya mtu mwingine aliyeingia majini. Chupa za Meguro zatoa ushahidi kwamba mzunguko huo unaweza kukatwa, na kwamba haukatwi kwa siku moja.

Jumba la tatu liko upande wa mashariki, karibu na bahari, mahali paitwapo Yumenoshima. Maana ya jina hilo ni Kisiwa cha Ndoto, ingawa kwa miaka mingi kisiwa hicho kilikuwa jaa la taka za jiji. Leo ni bustani yenye miti, na katikati ya miti hiyo lipo jengo lililojengwa kwa ajili ya kitu kimoja tu: meli ya uvuvi ya mbao, yenye urefu wa karibu mita 30, iitwayo Daigo Fukuryu Maru, yaani Joka la Bahati Nambari Tano.

Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954, meli hiyo, ikiwa na mabaharia 23, ilikuwa ikivua jodari katika Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 160 kutoka visiwa vya matumbawe vya Bikini. Ghafla mbingu za magharibi ziling'aa. Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni lenye nguvu zipatazo mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Baada ya saa chache, majivu meupe yalianza kuwadondokea wavuvi kama mvua. Yalikuwa matumbawe yaliyosagwa na bomu, yamejaa mionzi ya sumu. Walirejea katika bandari ya Yaizu tarehe 14 Machi wakiwa wameungua ngozi, na nywele zinawatoka. Mhudumu wa redio wa meli hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 40. Hofu ya jodari wenye sumu ilienea nchi nzima. Akina mama wa nyumbani katika wilaya ya Suginami, jijini Tokyo, walikuwa miongoni mwa walioanzisha ukusanyaji wa saini za kupinga mabomu hayo, na kufikia mwaka 1955 saini zilikuwa zimepita milioni 30.

Na meli yenyewe? Ilisafishwa, ikabadilishwa jina, ikatumika kuwafundishia wanafunzi wa uvuvi, na mwaka 1967, ilipochakaa, ikatelekezwa katika jaa la Kisiwa cha Ndoto. Ingeozea hapo. Lakini mwezi Machi mwaka 1968 kijana mmoja wa miaka 26, mfanyakazi wa kawaida, aliandika barua katika gazeti akiuliza kama ni sawa meli hiyo iachwe kuzama. Barua hiyo fupi ikawaamsha watu. Wakachanga fedha, wakashika zamu za kuilinda na kuikumba maji, na mwaka 1976 jumba lake la maonyesho likafunguliwa.

Mmoja wa mabaharia wale 23, Matashichi Oishi, alikuwa amehamia Tokyo na kufungua duka la dobi, akinyamaza kimya kwa miaka mingi kwa sababu ya husuda na dharau walizotendewa wagonjwa wa mionzi. Baadaye alivunja ukimya wake, akawa anasimama mbele ya wanafunzi na kuwasimulia aliyoyaona. Mzee Oishi alifariki dunia mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 87.

Jumba la nne haliko mbali na hapo. Limo ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Koto, katika mtaa wa nyumba za kawaida, nalo lina habari za usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945. Usiku huo ndege za Marekani aina ya B-29, zikaribiazo 300, zilimimina mabomu ya moto juu ya mitaa ya mashariki ya Tokyo, iliyojaa nyumba za mbao na karatasi. Kabla ya mapambazuko walikuwa wamekufa watu wapatao 100,000, na kiasi cha milioni moja hawakuwa na pa kulala. Wengi walikimbilia mito na mifereji, wakafia humo.

Kwa miaka mingi walionusurika waliiomba serikali ya jiji iwajengee jumba la kumbukumbu. Mpango ulitayarishwa, kisha mwaka 1999 ukasimamishwa. Hapo mwandishi Katsumoto Saotome, aliyenusurika usiku ule akiwa mtoto wa miaka 12, na wenzake wakaamua kujenga wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba: michango ya maelfu ya raia ilifikia yeni milioni 100, mfadhili mmoja akatoa kiwanja, na mwezi Machi mwaka 2002 mlango ukafunguliwa. Ndani mna makasha ya mabomu ya moto, ramani za mitaa iliyoteketea, vitu vilivyoungua na michoro ya walioona kwa macho yao. Mzee Saotome alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Naye alifariki dunia mwaka 2022, akiwa na miaka 90.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo lilipo swali linaloyakabili majumba haya madogo. Mpishi wa tiara, tabibu wa Meguro, dobi aliyekuwa baharia na mwandishi aliyeuona moto, wote sasa hawapo. Jumba kubwa la taifa lina bajeti, walinzi na sheria za kulihifadhi. Jumba dogo lina watu, na watu hufa. Kila mwaka wapungua wale wawezao kusema "nilikuwapo", na wanaobaki mlangoni ni vijana waliojifunza habari hizo kwa masikio. Vijana hao ndio wanaofungua milango asubuhi, wanaofuta vumbi kwenye chupa na kuwapokea watoto wa shule. Wakichoka wao, utepe wa mita 8.8 utakuwa kitambaa tu, na Joka la Bahati litakuwa mbao kuukuu.

Basi msikilizaji atakayejaaliwa kufika Tokyo, kwa kazi, kwa masomo au kwa kupita tu, na aende Ueno, kwani panastahili. Kisha atenge asubuhi moja kwa ajili ya Meguro, na alasiri moja kwa ajili ya Kisiwa cha Ndoto. Hatapanga foleni ndefu. Aingie, asome, aulize, na akitoka atie chochote katika sanduku la mchango. Na msikilizaji ambaye hatafika huko, huenda katika mtaa wake yupo mzee mwenye kabati la vitu ambavyo wengine wanaviita takataka. Afadhali amtembelee mapema, amwulize kila kitu kilitoka wapi.