MOTAKAA YA OFISI NA ROHO ZILIZOMO NDANI YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katibu alipotuandikia kututaka tuseme habari za uendeshaji mwema wa motakaa, tulidhani amekosea jina, kwa kuwa sisi si dereva wala leseni hatuna; kazi yetu ni kalamu na faili. Walakini tulipokaa na kuitafakari barua yake tuliona ya kuwa huenda hiyo ndiyo sababu iliyofaa tuitwe sisi. Madereva wamekwisha kuhubiriwa sana. Lakini makarani, tangu tuingie katika kazi hii, hatujasikia hata siku moja wakiambiwa neno juu ya mwendo wa gari.

Nasi twasema ya kwamba mwendo wa motakaa ya ofisi huanzia mezani kwetu, kabla dereva hajashika usukani; na ya kwamba abiria anyamazaye humsaidia dereva kukosea. Haya hatukuyasoma kitabuni. Yalitupata wenyewe, na tutayaeleza jinsi yalivyokuwa, ijapokuwa hayatupi sifa.

Tulitumwa kutoka Morogoro kwenda Dodoma, safari ya kilometa zipatazo 260, kupeleka hesabu zilizotakiwa katika mkutano wa saa nane mchana. Garini mlikuwa na watu wanne. Dereva alikuwa mzee wetu aliyepita miaka hamsini. Sisi tulikaa mbele karibu naye. Nyuma walikaa bibi mmoja mpiga chapa na kijana mmoja wa hesabu. Kibali cha safari kilitufikia mezani saa mbili asubuhi, na kazi iliyobaki ilikuwa kukiandika nambari na kukipeleka kwa mkuu akitie sahihi, jambo la dakika kumi. Basi, tulikuwa tumekwenda kunywa chai, mazungumzo yakanoga, na tuliporudi palikuwa na watu wakitungoja kwa shauri jingine. Kibali kililala chini ya karatasi nyingine hata saa nne. Mzee dereva alikuja mara mbili akachungulia mlangoni, akaondoka bila kusema neno, maana ni mtu wa adabu. Ilipokwisha kupatikana sahihi, na mafuta nayo yakatiwa, ilikuwa saa tano kamili.

Ndugu makarani, twaomba mfanye hesabu hii pamoja nasi, kwa kuwa hesabu ni kazi yetu. Kilometa 260 kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa ni saa tatu na robo, pasipo kupunguza mahali popote. Nanyi mwajua njia ile ina vijiji vingi, Dakawa, Dumila, Gairo, Kibaigwa, na mahali pengi pana vibao vya 50. Kwa hiyo yataka saa nne au zaidi, nasi tulikuwa na saa tatu. Tena angalieni hili: dereva akiacha mwendo wa 80 akaenda 100 njia yote, ataokoa dakika 39 tu. Sisi tulikuwa tumezipoteza saa mbili nzima kwa chai, kisha tukamwachia mzee azitafute barabarani.

Akazitafuta. Tulipofika Wami Dakawa, mahali alipofariki Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya motakaa tarehe 12 Aprili 1984, alipokuwa akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, mzee aliinua mkono mmoja kutoka usukani akasema, “Hapa.” Sote tukakaa kimya kwa heshima. Lakini mshale wa mwendo tuliuona kwa macho yetu, ulikuwa kati ya 110 na 120, na haukushuka. Hatukusema neno. Tulikuwa tukitazama saa.

Baada ya Gairo, tulipokuwa tukimaliza kupanda mwinuko mmoja, tuliona matawi ya miti yaliyowekwa barabarani. Nanyi mwajua maana yake: mbele pana lori lililoharibika. Mwenye mwendo wa kiasi huyaona matawi yale akapunguza. Motakaa iendayo kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde, na ile iendayo 100 hupita karibu 28. Mtu huhitaji sekunde moja hivi, na aliyechoka huhitaji zaidi, kabla mguu wake haujafika penye breki. Kisha breki zenyewe, katika lami kavu na mipira mizuri, hutaka mita 14 hivi kwa mwendo wa 50, walakini kwa mwendo wa 100 hutaka kama 55. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne. Watu wengi hudhani ni mara mbili. Jumla yake ni mita 28 kwa yule wa kwanza, na 83 kwa yule wa pili. Baina yetu na lori lile hapakuwa na mita 83.

Mzee alifanya lililowezekana. Aliikwepa ile lori, motakaa ikaacha njia, ikaingia mtaroni na kugonga ukingo wa udongo. Sisi na dereva tulikuwa tumefunga mikanda, tukapata michubuko kifuani tu. Kijana wa hesabu alijishika, akavunjika jino. Bibi mpiga chapa alirushwa kutoka kiti cha nyuma, akajigonga nyuma ya kiti chetu, akavunjika mtulinga. Majuma mengi alikaa na mkono wake umefungwa shingoni, naye ni mtu aishiye kwa vidole vyake.

Hapa twapenda kukaa kidogo. Je, bibi yule hakutaka kufunga mkanda? Alitaka. Aliutafuta tulipokuwa tukitoka mjini, akapata ule utepe wa juu, lakini kifungio chake hakukiona. Kilikuwa chini ya kitambaa cha kiti. Miezi michache kabla ya safari ile ofisi yetu ilishonesha vitambaa vizuri vya kufunika viti, vyenye rangi ya kahawia na nakshi pembezoni, navyo vikafunika vifungio vyote vya nyuma. Nani aliyepeleka vipimo kwa fundi? Ni sisi. Tulitaka motakaa ya ofisi ipendeze.

Mkanda huu wa sehemu tatu, upitao begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden katika kampuni ya Volvo, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Kampuni ile iliwaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Shirika la Afya Duniani lasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa aketiye mbele kwa karibu nusu, na kwa aketiye nyuma kwa robo. Wako wasemao kuwa nyuma ni salama na mkanda hauna haja. Mtu agongwaye katika mwendo wa kilometa 50 hupata pigo kama la mtu aangukaye kutoka mita 10 juu, yaani kama orofa ya tatu. Na mama ampakataye mtoto wa kilo 10 adhani mikono yake yatosha. Katika kishindo kile mtoto huyo huvuta kama mzigo wa kilo 140, na hakuna mama wala baba awezaye kumzuia. Mtoto ataka kiti chake mwenyewe, kilichofungwa. Kwa mwaka mmoja watu wapatao 1,190,000 hufa barabarani ulimwenguni, na vijana na watoto wa miaka 5 hata 29 hawauawi na ugonjwa wowote zaidi ya wanavyouawa na barabara.

Turudi ofisini. Yalitakiwa maelezo, mzee akaandika kwa mkono wake: mwendo wa kasi. Hakuandika zaidi. Hakuna aliyeuliza kibali kilitiwa sahihi saa ngapi, wala sisi tuliojua hatukusema. Ikaamriwa apewe barua ya onyo. Barua hiyo, ndugu zangu, tuliipiga chapa sisi, kwa kuwa bibi mpiga chapa alikuwa hospitali. Haikuwa na kosa hata moja la herufi.

Siku tuliyompelekea barua ile aliisoma polepole, akaikunja akaitia mfukoni, akatuambia, “Mwanangu, ungesema neno moja tu ningepunguza. Mimi nilidhani ninyi ndio mnaotaka kufika.” Naye alikuwa na haki. Yeye aliona sisi twatazama saa, akadhani twamhimiza. Sisi tuliona yeye ni mzee na mjuzi wa kazi yake, tukadhani kumwambia ni kumvunjia heshima. Kwa adabu hiyo ya pande zote mbili tukaingia mtaroni. Baadaye tulimwandikia mkuu wetu habari yote jinsi ilivyokuwa, yenye saa na dakika. Aliisoma, akaamuru itiwe katika faili. Barua ya onyo haikuondolewa.

Neno lile la mzee lilitusumbua, hata tukasoma habari ya Kenya iliyotuonyesha ya kuwa halikuwa neno la bure. Wenzetu wa huko wana matatu, na mtajua mwaka 2004 Waziri John Michuki alishurutisha kila matatu iwe na mikanda na chombo cha kuzuia mwendo usipite kilometa 80. Sheria ilikuwa njema, ila vyombo vingine vilichezewa baadaye, kama mjuavyo watu walivyo. Hata mwaka 2008 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijaribu njia nyingine isiyo na polisi. Walibandika ndani ya matatu zaidi ya elfu moja karatasi za kuwahimiza abiria waseme dereva anapoendesha vibaya, na matatu nyingine wakaziacha bila karatasi, ili walinganishe. Zile zenye karatasi, madai yake ya bima yalipungua kwa nusu hata theluthi mbili. Karatasi haina mkono wa kukanyaga breki. Waliopunguza mwendo ni madereva, na waliowafanya wapunguze ni abiria waliopewa ruhusa ya kunena.

Mtatuuliza, basi tunene vipi kwa mtu mzima? Si kwa kupiga kelele, wala kwa kusema, “Wataka kutuua?” Maneno hayo humtia mtu ukaidi. Sisi siku hizi husema kabla gari halijaondoka, mzee angali akipasha moto injini: “Mzee, leo hatuna haraka, tukichelewa, lawama ni yetu.” Na njiani mwendo ukizidi: “Mzee, tuombe tupunguze kidogo, kichwa chatuuma.” Kichwa hakiumi, lakini uongo huu twadhani tutasamehewa. Kama dereva ni kijana, habari ni rahisi zaidi, na mwite mdogo wangu. Simu ikilia, ipokee wewe kwa niaba yake. Akianza kupiga miayo, msimame mnywe maji, hata kama ni robo saa. Habari za mipira, taa na breki hatutazinena; madereva waliomo ukumbini wazijua kuliko sisi.

Kwa upande wetu wa meza twaiomba Halmashauri mambo mawili. La kwanza, iwaandikie wakuu wa ofisi waruhusu kibali cha safari kiwe na mistari miwili mipya: saa kilipofika kwa karani, na saa kilipomfikia dereva mkononi. Siku ikitokea ajali, na tusiombe itokee, mwenye kuuliza ataona wakati ulipotelea wapi. Makarani wengine wamekwisha kutunung’unikia ya kuwa twajichongea fimbo ya kujipigia. Ni kweli, nasi tutakuwa wa kwanza kuipata. La pili, iwapo hesabu za njia zaonyesha wazi ya kwamba motakaa haiwezi kufika kwa wakati, karani aliyemo garini awe na idhini ya kupiga simu kule iendako aseme, “Tutachelewa kwa saa moja.” Siku ile ya Dodoma hatukupiga. Mkutano wenyewe, tulikuja kuambiwa, ulianza saa tisa.

Bibi mpiga chapa amekwisha kurudi kazini, naye alituruhusu kuyasema haya. Vitambaa vya kahawia vingali katika viti vya magari saba ya ofisi zetu. Fundi asema haina haja ya kuvitoa. Yatosha kukata tundu la vidole vinne penye kila kifungio na kulishona pembeni. Tutaifanya kazi hiyo Jumamosi saa tatu asubuhi, uwanjani nyuma ya ukumbi huu. Karatasi ya kuandika majina ya watakaosaidia iko mezani kwa Katibu, karibu na bilauri ya maji. Mkasi na uzi tutaleta wenyewe.