FAINI KWA SERIKALI, MACHOZI KWA MLALAHOI!

(Hotuba kwa vijana, mjini Same)

Ndugu zangu vijana, tuseme mtu kakatwa panga huko Chome. Anashuka mlima mpaka Same kutoa ushahidi, nauli ya kukopa, tumbo tupu. Kesi inaahirishwa. Anapanda tena, anashuka tena. Siku ya hukumu mshitakiwa anapigwa faini, na faini inakwenda serikalini. Mwenye kovu je? Mikono mitupu!

Wala si kwamba sheria haipo. Kanuni ya Adhabu inampa hakimu uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyemdhuru. Lakini nani anamkumbusha? Mwendesha mashtaka ana majalada lukuki, na mjane wa milimani hajui hata kama haki hiyo ipo.

Mnaniambia tusubiri mheshimiwa mbunge. Aa, wapi! Mwaka 1945 wazee wa Upare walishuka kwa maelfu, wakapiga kambi hapa hapa Same kupinga kodi ya mbiru. Walimsubiri kigogo gani?

Kiongozi ninayemtaka mimi ni kijana atakayekaa na mjane yule kwenye benchi la mahakama, amtunzie risiti za hospitali, amfuate mwendesha mashtaka kabla ya hukumu, amwambie: "Omba na fidia."

Jumatatu mahakama inakaa. Nani tunakwenda naye?