Pikipiki Kuukuu Isiyotaka Kuwaka



Wengi wetu tukaao Mwenge twazijua Yamaha na Suzuki kuukuu za mipigo miwili, zile zichomazo oili pamoja na petroli. Ikikataa kuwaka, msikimbilie kununua vipuri. Karani hajibu barua kabla ya kulisoma faili. Nanyi fungueni plagi kwanza.

Plagi ikiwa kavu, petroli haifiki: tazameni koki, kitundu cha hewa katika kifuniko cha tangi, na jeti ya kabureta. Ikiwa imelowa, petroli yafika. Ulizeni habari za moto. Ikausheni, igusisheni na chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha pigeni kiki. Cheche isipoonekana, jaribuni plagi mpya kabla ya kulaumu koili.

Yote mawili yakiwa mema, basi ni uzee: masizi yameziba ekzosi, au sili za chini zavuja. Injini hii huvuta petroli kwa tumbo lake la chini. Tumbo likivuja, mvuto hupungua. Hiyo ni kazi ya fundi. Lakini mwendeeni mkijua shauri lenyewe, msije mkalipa mshahara wa mwezi kwa kosa la sili moja.