Kuketi pamoja na Mgonjwa



Kitabu cha Ayubu chaeleza kwamba rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, waliposikia msiba wake waliacha makao yao, wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, pasipo kumwambia neno. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa kumtafutia hatia.

Kosa hilo lilirudiwa Tanzania. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wengi waliuliza kwanza mgonjwa alitenda nini. Matangani watu walijaa. Kitandani, mara nyingi, alibaki mama mzazi au bibi. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kwa miaka 20 na zaidi, mgonjwa maskini alihitaji mtu wa kumchotea maji, kumfulia shuka na kumnywesha uji. Aliyefanya hayo alihubiri kabla ya kufungua Biblia. Na alipoifungua, alisikilizwa.

Leo dawa zipo, lakini hofu haijakwisha. Yuko anayeficha vidonge, yuko aliyeacha kliniki kwa kuogopa macho ya jirani wa benchi moja kanisani. Usharika unaoingia karne yake ya pili na umwendee mapema, uketi, usikilize, wala usiulize kosa. Naye akitaka sala, usali pamoja naye.

Bwana awabariki. Amina.