Maumivu ya Chuchu: Tazama Kwanza Kinywa cha Mtoto

   Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo akina mama wengi huona haya kulitaja hata wakiwa kliniki, nalo ni maumivu ya chuchu wakati wa kunyonyesha.

Siku moja nilimtembelea mama mmoja nyumbani kwake. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto alikuwa na siku 12. Mtoto alipolia, mama naye alitokwa na machozi. Chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka. Kila alipomweka mtoto kwenye titi aliuma meno na kukunja vidole vya miguu. Mama mkwe wake, kwa huruma, alikuwa ameanza kumpa mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, kwa chupa. Akaniambia, "Sista, huyu anaumia sana. Tumwachishe tu."

Nilielewa huruma yake. Lakini mtoto wa siku 12 akiachishwa maziwa ya mama na kupewa ya chupa, yuko katika hatari ya kuhara na kupungua uzito. Tena mtoto asiponyonya, maziwa ya mama nayo hupungua.

Mama, sikia neno hili. Katika siku chache za kwanza unaweza kuhisi maumivu kidogo mtoto anaposhika titi, kisha yaishe baada ya muda mfupi. Hayo ni ya kawaida. Lakini maumivu yanayoendelea muda wote mtoto anaponyonya, au chuchu inayopasuka na kutoka damu, si jambo la kuvumilia. Kuna kitu kinachohitaji kurekebishwa, na mara nyingi ni namna mtoto anavyoshika titi.

Mtoto hanyonyi chuchu peke yake. Anatakiwa ajaze kinywa na sehemu kubwa ya lile duara jeusi linalozunguka chuchu. Hapo chuchu hufika nyuma kinywani, mahali palipo laini, na haisuguliwi. Akishika ncha tu, chuchu hubanwa kati ya ulimi na kaakaa gumu, na baada ya siku mbili tatu huchubuka. Ukiona chuchu imetoka kinywani ikiwa imebonyea, jua ilibanwa.

Basi fanya hivi. Keti mahali utakapoegemea vizuri. Mpakate mtoto tumbo lake likielekea tumbo lako, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka, asigeuze shingo. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, usubiri afungue kinywa wazi kama anayepiga miayo. Hapo mlete upesi kwenye titi, kidevu kikitangulia. Usiinamie mtoto na kumpelekea titi, maana mgongo wako utauma na yeye atashika vibaya.

Utajuaje kuwa ameshika vizuri? Kinywa kiko wazi sana. Kidevu kinagusa titi. Mdomo wa chini umepinduka kwa nje. Lile duara jeusi linaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ananyonya polepole, kwa nguvu, na unaweza kumsikia akimeza. Kama bado unaumia, usimvute, kwani kumvuta huongeza kidonda. Ingiza kidole safi pembeni mwa kinywa chake aachilie titi, kisha anza tena. Hata ukirudia mara tano, si kitu. Nyote wawili mnajifunza.

Kama tayari chuchu zimechubuka, anza na titi lisilouma sana. Baada ya kunyonyesha, kamua tone la maziwa yako mwenyewe, upake kwenye chuchu, uache likauke kwa hewa. Kuoga kila siku kwatosha. Usisugue chuchu kwa sabuni wala dawa ya kuua viini, kwani hukausha ngozi. Usipake chumvi, dawa ya meno wala majivu. Vaa nguo ya pamba isiyobana, na ukitumia kitambaa cha kukinga maziwa, kibadilishe kinapolowa.

Ukishindwa kabisa kuvumilia, pumzisha titi hilo kwa muda mfupi, lakini likamue kwa mkono ulionawa ili lisijae. Mpe mtoto maziwa hayo kwa kikombe safi ndani ya saa 4. Usitumie chupa, kwa sababu ni ngumu kuisafisha, na inaweza kumchanganya mtoto katika kunyonya. Mtoto akicheua maziwa yenye damu kidogo iliyotoka kwenye chuchu, hayatamdhuru. Lakini ikiwa unaishi na virusi vya ukimwi, ushauri wako ni tofauti, nami nitaueleza.

Kuna sababu nyingine za maumivu. Titi likijaa sana huwa gumu, na mtoto hawezi kulishika. Kamua kidogo kwanza hadi lilainike, na baada ya kunyonyesha weka kitambaa kilichochovywa katika maji baridi. Kuna pia fangasi. Mama ambaye hakuwa na shida huanza kuhisi chuchu zikiwasha na kuchoma, hata baada ya mtoto kumaliza kunyonya. Mtoto naye anaweza kuwa na utando mweupe kinywani usiotoka ukiupangusa. Hapo nendeni kliniki mtibiwe wote wawili siku moja. Akitibiwa mmoja, mwingine humwambukiza tena. Na kama umejaribu kila namna na mtoto bado hashiki, mwombe muuguzi atazame chini ya ulimi wake. Wengine huzaliwa na ulimi ulioshikiliwa na ngozi fupi, na hauwezi kutoka mbele vizuri.

Sasa nawe mama unayeishi na virusi vya ukimwi. Chuchu ikipasuka au kutoka damu, usimnyonyeshe mtoto kwa titi hilo hadi lipone. Mnyonyeshe kwa titi lililo zima. Lile lenye kidonda likamue na kuyamwaga maziwa. Endelea kumeza dawa zako kila siku bila kukosa, na mtoto apewe zake kama ulivyoelekezwa. Kisha nenda kliniki siku hiyo hiyo, hasa ikiwa matiti yote mawili yameumia, ili usaidiwe kumlisha mtoto kwa usalama.

Kila mama aende hospitali bila kukawia akiona dalili hizi: homa na kutetemeka, sehemu ya titi iliyobadilika rangi, yenye joto na maumivu, usaha, au uvimbe usiopungua. Kidonda cha chuchu kisichopona baada ya wiki kadhaa pia kichunguzwe. Hata ukiwa na homa ya titi, kwa kawaida unaweza kuendelea kunyonyesha huku ukitibiwa. Kuacha ghafla hulifanya titi lijae na kuuma zaidi.

Na yule mama niliyemtembelea? Tuliketi naye kwenye mkeka, mgongo ukutani, mto mapajani. Mara ya nne mtoto alishika vizuri, na mama akanitazama kwa mshangao. Nilimweleza mama mkwe namna ya kutazama kidevu na mdomo wa chini, naye akawa mlinzi wake, hata usiku. Niliporudi baada ya wiki moja, vidonda vilikuwa vinafunga, chupa ilikuwa imewekwa kando, na mtoto alikuwa ameongeza uzito.

Basi mama, usilie peke yako usiku. Mwambie muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii aliye karibu nawe, umwombe akutazame ukinyonyesha. Nawe nyanya, binti akisema anaumia, usimwambie atazoea. Keti karibu naye, umtazame mtoto kinywani.