Mtamba wa Bei Chee na Dume la Kijiji: Ununuzi na Maadili ya Uzalishaji wa Ng'ombe wa Maziwa Mbeya na Iringa



Utangulizi

Ratiba inanitaka nianze na fasili. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Chotara ni mtoto wa ng'ombe wa asili na wa kigeni, awe Friesian, Ayrshire au Jersey. Uhimilishaji ni kupandisha kwa mbegu za mrija badala ya dume. Hayo kila aliyemo ukumbini anayajua, na wengine mnayafundisha. Mnajua pia kwamba mitamba ya uhakika hutoka mashamba ya Serikali kama Kitulo na Sao Hill, kwa wafugaji wenye kumbukumbu, na kwenye miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Wote hao hawatoshelezi mahitaji. Pengo linazibwa na mchuuzi, na simlaumu kwa kufanya biashara, nazungumzia anachouza.

Anachouza mchuuzi

Bei chee ina sababu, na nyingi zinaonekana ikiwa mnunuzi atakubali kuinama. Fungua mdomo wa mnyama. Ng'ombe hupata jozi ya kwanza ya meno ya kudumu akiwa na miaka 2 hivi, na jozi zote 4 akikaribia au kupita kidogo miaka 4. Ukiletewa "mtamba wa miaka miwili" mwenye meno 8 yaliyokamilika, basi ama alishazaa akakaushwa, ama amepandishwa mara nyingi akagoma kushika mimba. Papasa kiwele, robo zote nne, utafute ugumu. Uliza kama alizaliwa pacha na dume, maana zaidi ya 9 kati ya 10 ya majike wa aina hiyo ni tasa. Kwa kuwa hawabebi mimba, hunawiri, na ndio wanaomvutia mnunuzi mnadani.

Kuna pia la kupe. Mtamba aliyekulia nyanda za juu penye baridi na kupe wachache, akishushwa bondeni bila chanjo ya ndigana kali inayoenezwa na kupe, anaweza kufa kabla mwezi haujaisha. Mwenye mali hubaki na ngozi na deni la SACCOS.

Dume la kijiji

Hapa naomba Mwenyekiti anivumilie, kwa sababu jambo hili nimelisema katika vikao vingi na bado madume yapo.

Tupige hesabu pamoja. Dume analetwa kijijini na kuanza kupanda. Ndama wake wa kwanza wanazaliwa baada ya miezi 9. Ndama jike aliyelishwa vizuri anafikia kupandishwa akiwa na miezi 15 hadi 18. Maana yake, miezi 24 hadi 27 tangu dume aingie, binti yake mwenyewe anaingia kwenye joto, anapelekwa kwa baba yake, na mwenye dume anapokea ada kama kawaida. Ndama wa baba na binti ana uwezekano wa asilimia 25 kwamba, kwa kinasaba chochote, amerithi nakala mbili za kitu kilekile. Zizini hilo huonekana kama ndama wadogo, vifo vya ndama, majike wanaorudia joto na maziwa yanayopungua kizazi hadi kizazi. Mfugaji hulaumu majani ya Guatemala, au jirani yake.

Akichoka, jike huyo anamuuza. Anamuuza kwa mchuuzi, kwa bei chee. Ndiyo maana sioni kama mada yangu ina vichwa viwili.

Dume huyo huyo hubeba pia magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, trikomonasi na kampilobakta, yanayofanya mimba zitoke mapema bila mtu kuona kitu. Ng'ombe anaonekana tu "amerudia."

Sisemi madume yapigwe marufuku. Uhimilishaji unahitaji naitrojeni ya kimiminika, pikipiki yenye mafuta na mtaalamu anayewahi: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni, na kuna vijiji vya Kilolo na Rungwe ambavyo wakati wa masika huwezi kuviwahi. Haya ni maoni yangu ya kitaalamu, si msimamo wa ofisi inayoniajiri. Lakini dume mwenye binti zake kijijini hana kazi tena pale.

Wahimilishaji nao wasikae kando. Kumpandisha mtamba mdogo wa asili kwa mbegu ya Friesian kwa sababu mwenyewe anataka "maziwa mengi" ni kumtafutia mnyama kuzaa kwa shida. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo.

Mapendekezo

Kwanza, dume aondolewe kijijini kabla ya miezi 24, apelekwe kwingine baada ya kupimwa brusela na magonjwa ya zinaa. Pili, kila ndama avishwe hereni na aandikiwe kadi yenye baba na mama. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo tunayo tangu 2010. Tatu, asiye na kadi asinunuliwe kwa bei ya mtamba, anunuliwe kwa bei ya nyama. Nne, mnunuzi atazame meno na kiwele mbele ya mtaalamu kabla ya kutoa hela. Tano, mnyama asisafirishwe bila kibali, na chanjo ya ndigana ifanyike kabla ya safari. Sita, mtamba asiyefikia theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mzima asipandishwe. Tepu ya kupimia kifua si ghali. Saba, ndama wa kulipa deni la kopa ng'ombe atunzwe sawa na wa nyumbani, asiwe yule dhaifu ambaye familia ilitaka kumwondoa. Nane, nalirudia la kwanza kwa makusudi: dume aondolewe kabla ya miezi 24.

Maazimio yetu yamezoea kuishia na "wadau wahamasishwe." Safari hii naomba katibu aandike, kwa kila kijiji chenye dume, jina la atakayemwondoa na tarehe ya kumwondoa.